Lori lenu na dakika zangu 6 na sekunde 40

Mkurugenzi wa Mashindano,
Kampuni ya Uandaaji wa Mbio.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUSIMAMISHWA KWA WAKIMBIAJI KILOMITA YA 33

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mmoja wa wakimbiaji waliozuiwa kwa utepe katika marathoni yenu, na hii ni mara ya pili naandika. Mara ya kwanza nilijibiwa mistari miwili: kwamba mambo yasiyotarajiwa ni sehemu ya mchezo, na kwamba nakaribishwa tena mwakani. Ingekuwa mvua, au mbwa aliyekatiza barabara, nisingewasumbua hata kwa barua ya kwanza.

Nilifika pale saa yangu ya mkononi ikisoma saa 3, dakika 5 na sekunde 10. Wastani wangu ulikuwa dakika 5 na sekunde 37 kwa kilomita, mwendo wa kumaliza chini ya saa 4, na hilo nimelisaka misimu mitatu. Kijana wenu mwenye kizibao cha kung'aa akaruka katikati ya barabara, akavuta utepe, akasema, "Subirini kidogo, kuna gari linapita." Tukadhani ni gari la wagonjwa. Gari la wagonjwa kila mkimbiaji huliachia njia bila kunung'unika, maana aliyelazwa humo huenda ni mwenzetu. Likatokea lori limebeba vyoo vyenu vya kuhamishika.

Lori likashindwa kona. Likaenda mbele, likarudi nyuma na ule mlio wake, pii, pii, pii, na kila likirudi mlango wa choo cha mwisho ulikuwa unafunguka na kujibamiza. Nimekimbia mbio nyingi, lakini sijapata kutazama choo kwa muda mrefu namna ile. Dereva simlaumu, jasho lililomtoka lilituzidi sisi. Yeye alitumwa apite saa ile, na aliyemtuma anayo ramani ya mbio mezani. Ajali haina kinga, sawa. Lori lenye ratiba si ajali.

Labda aliyenijibu hajawahi kusimama ghafla baada ya kilomita 33. Mtu anapokimbia, misuli ya miguu inasaidia kuisukuma damu irudi juu kwenye moyo. Akisimama ghafla, msukumo huo unakatika, damu inatuama miguuni, na kichwa kinakuwa chepesi. Jasho nalo linaanza kukupoza usipotaka. Dakika ya pili nilihisi vigimbi vyangu vinakaza kama kamba iliyoloa kisha ikaanikwa. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu alikaa kwenye ukingo wa barabara. Utepe ulipoachiwa ilibidi watu wawili wamnyanyue, na alitembea hadi nilipoacha kumwona. Wengine tulirukaruka palepale kama watoto wanaosubiri zamu ya kamba. Kijana wenu hakuwa na redio ya mawasiliano wala hakujua tutaachiwa lini. Kila aliyemuuliza alijibiwa "sasa hivi".

Halafu kuna waliopenya. Wanaume wanne au watano waliinama chini ya utepe, wakazunguka nyuma ya lori na kwenda zao. Ni hatari, na kijana alipiga kelele, lakini hakuna aliyeandika namba zao. Leo majina yao yako juu ya yetu kwenye matokeo. Yaani katika mbio zenu, aliyemtii msimamizi ndiye aliyeadhibiwa. Safari nyingine mkivuta utepe, mnategemea nani asimame?

Mtaniambia hamna ushahidi. Mnao. Mikeka yenu ya kusomea chipu, vile vifaa vidogo vya kurekodi muda wa kila mkimbiaji, iko kilomita ya 25, ya 30 na ya 35. Kutoka 25 hadi 30 nilitumia dakika 28. Kutoka 30 hadi 35, dakika 35. Fungueni matokeo ya walionizunguka mtaona shimo hilohilo kwa kila mmoja. Na kama mimi siaminiki, mtazameni mwenye bendera ya saa 4, mliyemwajiri ninyi wenyewe ili atuongoze kwa mwendo huo. Alitukuta tumesimama, akasimama nasi, na alimaliza kwa saa 4 na dakika 4. Mtu ambaye kazi yake pekee ni kumaliza kwa saa 4! Mimi niliachiwa miguu ikiwa mizito, sikuweza kumfuata, nikamaliza kwa saa 4, dakika 5 na sekunde 28. Ondoeni dakika 6 na sekunde 40 nilizosimamishwa pale muone kinachobaki.

Najua saa ya mashindano haisimami kwa ajili ya mtu. Katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, Vanderlei de Lima wa Brazil alikuwa anaongoza marathoni zikiwa zimebaki takribani kilomita 7, mtazamaji akaruka kutoka kando na kumsukuma hadi kwenye umati. Alinasuliwa, akaendelea, akamaliza wa tatu. Brazil ilikata rufaa na haikufanikiwa. Dhahabu ilibaki kwa Stefano Baldini wa Italia, aliyeishinda kwa miguu yake. Lakini hakuna aliyemwambia de Lima kwamba hakikutokea kitu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimpa medali ya Pierre de Coubertin, na mwaka 2016 ndiye aliyewasha mwenge mkuu kule Rio de Janeiro. Mimi ni mkimbiaji wa kawaida na medali siitaki. Ila kwenye ukurasa wenu wa matokeo hakuna hata sentensi moja kuhusu kilomita ya 33, na ripoti yenu inasema mbio "zilikwenda bila dosari". Neno hilo liliniudhi kuliko lori.

Ninachoomba ni hiki. Muda rasmi uacheni ulivyo, lakini wekeni maelezo kwenye matokeo kwamba wakimbiaji walisimamishwa, wapi, na kwa muda gani, pamoja na safu ya pili yenye muda uliorekebishwa kwa kila atakayewasilisha kumbukumbu ya saa yake. Kuna mbio zinazotaka muda wa mtu kabla ya kumpa nafasi, na wengine pale walikuwa wanautafuta muda huo. Waliopenya chini ya utepe nawaachia ninyi. Sina hamu ya kumfukuzisha mtu. Na kama mwakani kuna makutano ambayo magari lazima yapite, tandikeni mkeka mmoja kabla na mwingine baada yake, ili dakika za kusubiri zipunguzwe kwa hesabu badala ya kubishaniwa kwa barua. Kijana mpeni redio.

Nimeambatanisha kumbukumbu ya saa yangu, sekunde kwa sekunde. Mtaona mahali mstari wa mwendo unapolala chini kabisa. Nasubiri jibu, na safari hii naomba liwe na jina la mtu chini yake.

Wenu,
Mshiriki wa kilomita 42