Barua kwa mwanangu: nakala ya nakala

Mama yangu,

Za Dodoma? Sisi huku Mwanza tunamshukuru Mungu, mama yako hajambo, mvua imepiga usiku kucha na sa hivi nimekaa barazani naangalia ziwa limebadilika rangi limekuwa kama chai ya maziwa. Simu nimeishika toka asubuhi. Nataka nikujibu lile swali lako la Krismasi, uliloniuliza mezani mbele ya shangazi zako nikanyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika mwanangu, jibu sikuwa nalo na sikutaka kukujibu ovyo.

Ulisema Biblia ni nakala ya nakala ya nakala, kama ule mchezo wa watoto wa kunong'onezana sikioni, wa mwisho anasema kitu tofauti kabisa na wa kwanza. Sa tutajuaje wa kwanza aliandika nini?

Sasa nisikilize. Mimi nimekuwa karani wa mahakama miaka 27, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kunakili, siku zile fotokopi ilikuwa ya wakubwa, sisi ni mashine ya taipu na hati ya hakimu pembeni. Kwa hiyo makosa ya kunakili nayajua vizuri. Kosa baya kuliko yote siyo herufi, herufi mtu anaiona, kosa baya ni kuruka mstari, yaani mistari miwili inaishia na neno moja, jicho linatoka kwenye la kwanza ukirudi kwenye hati linatua kwenye la pili, na yote ya katikati yamepotea na wewe unaendelea kutaipu kwa amani. Niliwahi kuruka aya nzima hivo. Na waandishi wa zamani walionakili Biblia kwa mkono walikuwa wanafanya kosa hilo hilo, wataalamu wameyakuta kwenye nakala zao, na niliposoma habari hiyo nilihisi kama nimekutana na makarani wenzangu.

Lakini kosa langu lilijulikanaje? Karani mwenzangu naye alikuwa amenakili kutoka hati ile ile, yake ina aya, yangu haina. Basi. Ule mchezo unaharibika kwa sababu mstari ni mmoja na neno likishanong'onwa limepotea, huwezi kurudi nyuma ukalicheki. Nakala haziko hivo. Agano Jipya kwa Kigiriki peke yake lina nakala za mkono zaidi ya 5,000, nyingine nzima nyingine vipande, mmoja kanakili Misri mwingine mbali huko na hawajuani, kila mtu atakosea pake, hawatakosea wote mahali pamoja.

Na uzuri ni kwamba za zamani zinaendelea kupatikana. Mwaka 1947 wachungaji wa mifugo waliingia pangoni karibu na Bahari ya Chumvi wakakuta mitungi yenye magombo ya ngozi, na mojawapo ni Isaya yote, sura 66, gombo la mita zaidi ya 7. Lina umri wa miaka kama 1,000 zaidi ya nakala nzima za Kiebrania ambazo wataalamu walikuwa wanazitegemea. Wakalinganisha. Tofauti zipo nyingi tu, ila sehemu kubwa ni za tahajia na maneno madogo madogo, Isaya ni yule yule. Miaka 1,000 ya kunakili kwa mkono mama! Wale Wayahudi walionakili walikuwa wanahesabu mpaka herufi, kama mwenye duka anavyofunga hesabu jioni.

Sikufichi kitu. Ukifungua Marko 16, ule mwisho kuanzia mstari wa 9 haumo kwenye nakala mbili za zamani sana za karne ya 4. Wengine hilo linawatisha. Mimi linanipa imani, kwa sababu tumelijua baada ya watu kulinganisha na kulisema wazi, na karani anayeficha kosa ndiye wa kuogopa.

Halafu Kiswahili chetu. Mmisionari Krapf alianza kutafsiri Mwanzo pale Mombasa 1844, mwaka ule ule alizika mke na mtoto mchanga. Askofu Steere kule Zanzibar alitoa Agano Jipya 1879 akafariki 1882, Biblia nzima ikatoka 1891 hakuiona. Mombasa wana Kimvita chao, Zanzibar Kiunguja, ikachukua mpaka 1952 kupata hii ya Union, yaani ya muungano, tunayosoma wote kanisani. Na hapa hapa kwetu kusini mwa ziwa, Usambiro, mmisionari Mackay aliyefukuzwa Buganda alikaa na mashine yake ya kuchapa akiendelea na Injili za Kiganda mpaka homa ikamuua 1890. Biblia ya Kiganda ilipokamilika, 1896, waliichapa ya upana mdogo ila nene ili iingie kwenye kopo la biskuti, mchwa wasiifikie. Nikikumbuka hilo namuona bibi yako.

Maana Biblia ya bibi, ile ya Kisukuma, tafsiri ya 1960, nayo alikuwa anaiweka kwenye kopo, unakumbuka, juu ya kabati. Baada ya msiba mtu aliitoa akaiacha sakafuni na mchwa wamekula Nahumu na Habakuki karibu zote. Iliniuma sana. Mzee mmoja wa jumuiya anayo kama hiyo, kaniazima, nimenunua karatasi nzuri na biro nyeusi, kila jioni nanakili kurasa zilizoliwa nizishone mle ndani. Jana usiku niliruka mstari, Habakuki sura ya 2, lile "ole" linajirudia rudia jicho likateleza. Nimerudia ukurasa wote.

Ukija likizo ya Juni kaa na mimi jioni mbili tatu, wewe usome kwa sauti kutoka kwa ya mzee, mimi nifuatilie kwenye yangu kwa kidole. Nahumu bado sijaanza.

Baba yako