Daftari la kijani lirudi sandukuni kwa Nyanya

London, Jumapili usiku

Mama yangu,

Shikamoo. Wasalimie wote hapo nyumbani, na Nyanya umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Mimi mzima, alhamdulillahi. Nimepata ujumbe wako wa sauti, na wa Mjomba uliofuata, na wa Zulfa uliokuwa nusu kilio. Wa Mjomba nimeusikiliza mara tatu. Nilitaka kupiga simu usiku uleule, lakini najua ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza, na neno lenyewe lisingesemwa. Zulfa akusomee hii polepole, Nyanya akiwepo.

Pesa kwanza. Nimezituma leo asubuhi kwa simu ya Zulfa. Zote ni za jicho la Nyanya, usikubali zikatwe hata shilingi. Mabati ya Mjomba yatangoja hadi mwezi wa nane.

Sasa daftari. Lile la kijani nililiacha katika sanduku la Nyanya, chini ya kanga zake, kwa sababu ni lake kuliko langu. Mjomba kulitoa bila ruhusa yake, akalisoma mbele ya watu siku ya arobaini ya Mzee Salim, akasema, "Huyu mtoto alikuwa akila chakula chetu huku akituandika, sasa amekwenda kumuuza Nyanya kwa wazungu", hilo, Mama, limenichoma. Wewe ulikuwapo. Ulisikia jinsi nilivyomwomba Nyanya idhini, na jinsi alivyonijibu akiwa anachambua mchele: andika, lakini andika sawasawa. Siku aliyochoka nilifunga daftari. Siku aliyosema hili liishie hapa, liliishia hapo, wala halimo katika tasnifu yangu ya udaktari.

Mjomba anauliza ni udaktari gani huu usiotibu hata kikohozi. Nitamjibu kwa heshima, maana ndiye aliyenilipia nauli kidato cha kwanza na sijasahau. Anthropolojia ni elimu ya jinsi watu wanavyoishi pamoja, na ethnografia ndiyo kazi yenyewe: unakwenda kukaa nao, unaona, unauliza, unaandika kila usiku kabla usingizi haujafuta. Bronisław Malinowski, Mpolandi, alipiga hema kijijini Omarakana, katika visiwa vya Trobriand huko Pasifiki, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Akajifunza lugha ya wenyeji. Kitabu alichotoa mwaka 1922 kiliwafundisha wengi kwamba watu hawaandikwi kutoka verandani kwa afisa wa serikali.

Wale watu hupelekeana mapambo kwa mitumbwi, kisiwa hadi kisiwa. Mikufu ya kombe jekundu huzunguka upande mmoja, bangili za kombe jeupe upande wa pili, na hakuna anayekaa nazo daima. Bangili hizo wao huziita mwali. Neno limefanana tu, lakini siku nilipoliona nilifunga kitabu nikamkumbuka Zulfa alivyowekwa ndani kabla ya arusi, mwali wetu, na Nyanya akimsinga kwa liwa. Sikusoma tena siku ile.

Mimi hema langu lilikuwa soko la mitumba la Gikomba, hapo Nairobi, miezi 14. Chama, kile cha kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, nilikuwa nakijua tangu utotoni, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini aliyepokea zamu ya kwanza hatoroki. Nilikaa na kina mama alfajiri bale zinapofunguliwa na wateja wakigombania kamera, zile nguo bora kuliko zote, nikakaa nao jioni mia mbili mbili zikikusanywa. Mama Halima alipokea wa kwanza. Wiki ya tatu moto ukala kibanda chake chote. Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angemlaumu. Alikopa akalipa, kila jioni, mpaka wa mwisho akapata zamu yake. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi hubeba wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Mama Halima aliniambia kwa maneno yake: "Ile pesa haikuwa yangu, yalikuwa macho ya wenzangu." Hayo nimeyaweka mwanzo kabisa wa sura ya nne.

Na hapa ndipo ninapoona haya. Katika tasnifu yeye ana jina jingine na anauza kitu kingine. Katika daftari ni Mama Halima, na imeandikwa alikopa kwa nani, na kwamba mumewe hakujua. Mjomba ameyasoma hayo mbele ya majirani. Yeye ndiye aliyesoma, lakini mimi ndiye niliyeyaacha yasomeke. Malinowski alifariki mwaka 1942, na mwaka 1967 shajara yake ikachapishwa, watu wakashtuka kuona maneno makali aliyoyaandika usiku juu ya wenyeji wake. Habari hiyo tulisomeshwa mwaka wa kwanza. Niliiandikia insha nzuri. Kisha nikaacha daftari sandukuni bila kufuli. Tafadhali, Mama, nenda kwa Mama Halima wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie nitampigia Ijumaa baada ya swala, na kama hataki kunisikia nitaelewa.

Lakini sitanyamaza juu ya ukurasa ambao Mjomba aliuruka. Daftari zima lilipokuwa mkononi mwake, ule wa nyumba hakuusoma. Ule ambao Nyanya anaeleza kwamba Pangani ya Nairobi ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, yeye hajazaliwa bado, mama yake alihamia Majengo akajenga kwa jasho lake, paa la madebe yaliyopondwa, na kwamba nyumba ile haikuwa ya babu yeyote. Mjomba anasema ni ya babu yake. Nyanya ndiye mtoto wa mwenye nyumba na bado yu hai, aulizwe yeye. Kama kuna mtu wa kuja kuiangalia ploti, kwanza aketi na Nyanya.

Najua pia anachokiogopa, na si pesa tu. Anaogopa watu waulize wanawake wa zamani walipata wapi pesa za kujengea. Mama, wazee wa kwetu Pumwani walishalieleza hilo kwa vinywa vyao. Luise White, mwanahistoria Mmarekani, alizungumza nao miaka ya 1970, na kitabu chake cha 1990 kiko hapa maktabani, orofa ya tatu. Nilikisoma nimesimama. Wapo waliouza pombe, wapo waliopangisha vyumba, wapo waliopokea wanaume, na walijenga nyumba wakazirithisha. Sikuona aibu. Nilichokiona ni kwamba maneno ya Majengo yamekaa London kwa Kiingereza, na huko Majengo sijawahi kuiona nakala hata kwa mtu mmoja. Ndiyo maana daftari la Nyanya niliandika kwa Kiswahili, na nikaliacha huko.

Nilitaka barua hii ianze na habari njema, Mjomba amenivuruga. Nimefaulu, Mama. Wamenihoji wawili kwa saa mbili na nusu, wakatoka nje, wakarudi wakiniita Daktari. Marekebisho ni madogo tu. Tena nimepewa darasa la mwaka wa kwanza nifundishe, na wiki ya tatu wanasoma Gikomba! Jioni ile nilitembea hadi Houghton Street, mbele ya chuo cha LSE, pale Kenyatta aliposoma kwa Malinowski miaka ya 1930 na kuandika juu ya Wakikuyu kwa mkono wa Mkikuyu. Kile kitabu chake cha 1938 ambacho marehemu Babu alikifunga kwa gazeti, Malinowski ndiye aliyekiandikia dibaji. Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Nilitamani sana Babu angeniona.

Baridi ipo, kazi ya usiku ipo, tusizungumze hayo. Kinachonisumbua ni alfajiri. Naamka saa ileile ya adhana ya Riyadha, nasikiliza, na kuna kimya. Hakuna mkokoteni, hakuna anayepiga mswaki uani, hakuna harufu ya mahamri ya Mama Zaituni. Juzi nilipika mbaazi za nazi nikala nimesimama jikoni, nikawa nalia bila sababu.

Daftari Zulfa alichukue kwa Mjomba kwa adabu, asigombane, alirudishe sandukuni, na ufunguo akae nao Nyanya. Tasnifu ninaitafsiri. Sura za Nyanya nitamsomea mimi kwa simu, kidogo kidogo, na asipolipenda neno nitalitoa.

Jambo moja kabla hajaenda kwa daktari wa macho. Yule jirani wa Pangani aliyempa mama yake madebe ya kwanza ya paa, jina lake niliandika kwa haraka na sasa silisomi vizuri. Ni Mwanakombo au Mwanahamisi? Muulizeni, kisha Zulfa aniandikie.

Mwanao