Mikrogramu sio miligramu

Mhariri, nasoma gazeti lako miaka kumi na sita sasa na sijawahi kukuandikia, lakini ile habari ya wiki jana ya dawa ya thairoidi imenishinda. Mmeandika mgonjwa anameza "miligramu 50" kwa siku. Ni mikrogramu 50! Mliyoandika nyie ni mara elfu moja yake, na kuna watu wanawasoma huku wameshika dawa mkononi.

Hili limenikuta mwenyewe. Mama anatumia dawa hiyo hiyo, siku moja tukapewa pakiti yenye lebo imechapwa "50 mg", yaani miligramu. Boksi la kiwandani lilikuwa na µg, yaani mikrogramu, µ ni ile herufi ya Kigiriki yenye mkia, nadhani aliyechapa hakuiona kwenye kibodi akaweka m yaishe. Vidonge vilikuwa sawa kabisa. Ila mama alipolazwa kwa shida nyingine nesi akanakili kutoka kwenye lebo, daktari akaja mbio anauliza nani kampa huyu mama dozi ya kuua, ikabidi nikimbie nyumbani kuleta boksi. Njia nzima mikono inatetemeka.

Haya maneno yana hesabu ndani yake! Kilo imetoka Kigiriki, khilioi, yaani elfu, na mili imetoka Kilatini, mille, nayo ni elfu hiyo hiyo, sema Wafaransa walipopanga vipimo vyao 1795 waliamua Kigiriki kizidishe na Kilatini kigawanye, ndo maana kilomita ni mita elfu na milimita ni kipande kimoja cha mita uliyoikata vipande elfu. Mikro ni Kigiriki pia, mikros, kidogo, yenyewe ilikuja baadae ikachukua sehemu ya milioni, na kwa vile m ilishakuwa ya mili ikabaki na herufi yake ya Kigiriki. Wagiriki kwenye kilomita wanatamka chilio yao ya asili, Waitaliano dukani wanaomba etto, yaani hekto, gramu 100, na sisi ukisema kilo kila mtu anajua ni kilogramu. Kila lugha imetamka inavyotaka na hakuna aliyeumia kwa sababu hesabu haijaguswa. Nyie mmegusa hesabu.

Halafu hizi KG na KM za herufi kubwa kila ukurasa! K kubwa ni kelvini, kipimo cha joto. Na kwenye habari za umeme mnaandika mw tu, wakati mW ni miliwati na MW ni megawati, moja ni mara bilioni ya nyingine.

Naomba mbandike karatasi juu ya kila kompyuta ya chumba cha habari, wino mwekundu: MIKROGRAMU HAIFUPISHWI. Waingereza kwenye mwongozo wao wa dawa wanawaambia madaktari hivyo hivyo, andika neno zima. Na masahihisho yatoke ukurasa wa mbele, kesho, sio kule chini kwenye matangazo madogo, kabla mtu hajaanza kuhesabu vidonge vyake upya.