Mapambo ya maua madukani yatengewe fedha za kutunzwa

Mhariri,

Majumba ya maduka jijini Nairobi yanashindana kuvuta wateja kwa matao na kuta za maua. Sisi wapambaji tunafurahi, hasa katika nchi ambayo waridi zake bora hupandishwa ndege kwenda Ulaya huku wenyeji wakipambiwa plastiki. Shida ni kwamba wasimamizi hulipia idadi ya maua na siku ya kupamba tu. Siku ya tatu tao limenyauka, na maua yaliyonyauka humkimbiza mteja kuliko ukuta mtupu.

Tao la mita tatu huhitaji kama sponji 40 za maua, yaani vipande vya povu vinavyonyonya maji na kushika vikonyo. Kila moja hunywa karibu lita mbili, kwa hivyo hata kabla ya kuchomeka ua la kwanza fremu imebeba kilo 80 za maji. Mbao nyembamba haziwezi. Tumieni chuma, na kila mguu ukandamizwe kwa mfuko wa mchanga wa kilo 50, maana watoto wataning'inia.

Sponji isizamishwe kwa mkono. Iwekwe juu ya maji, iachwe izame yenyewe. Ikilazimishwa, nje hulowa na katikati hubaki kavu. Kikonyo kikigota hapo, kesho yake ua limeinamisha kichwa ilhali sponji inachuruzika maji. Kikonyo kilichokwisha kuchomekwa kisivutwe nyuma hata kidogo, kwani chini yake hubaki pengo la hewa na maji hayapandi tena.

Waridi zikifika kutoka Naivasha zikatwe upya mshazari, majani ya chini yaondolewe, zilale kwenye ndoo safi chumba cha baridi. Anthuriamu, maua ya nchi za joto, zisiingizwe humo: chini ya nyuzi 12 za Selsiasi huungua na kuwa nyeusi.

Mahali pa kuweka tao pia huponza. Ndizi na maembe yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na moshi wa magari unayo vilevile. Likiwa karibu na matunda ya supamaketi au lango la maegesho, kanesheni hujikunja petali upesi na kumwagilia hakusaidii. Mlangoni upepo hukausha. Afadhali liwe ndani, mbali na kiyoyozi, na mbele yake pabaki mita tatu za wapiga picha bila kuziba njia ya dharura. Taa zimulike kutoka mbele. Zikiwa juu ya kichwa hutia vivuli machoni, na picha mbaya hairushwi mtandaoni.

Kila usiku baada ya kufunga, sponji zimwagiliwe polepole kutoka juu na maua yaliyochoka yabadilishwe. Kazi hiyo itengewe angalau theluthi ya bajeti.

Sponji yenyewe ni plastiki isiyooza. Shirika la kilimo cha bustani la Uingereza, RHS, waandaaji wa maonyesho ya maua ya Chelsea, liliipiga marufuku katika maonyesho yake kuanzia 2021. Badala yake, wavu wa kuku uliokunjwa ndani ya beseni la maji hushika vikonyo vizuri. Sehemu kubwa ya pambo ijazwe mimea ya vyungu inayodumu wiki kadhaa, na maua ya kukata yawekwe usawa wa uso tu, panapopigwa picha.

Tena, msituagize waridi kwa ajili ya Februari 14, wakati bei iko juu na mashamba yanahudumia Ulaya. Zindueni wiki inayofuata.

Wapambaji wa maua,
Nairobi