Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali: kifo cha mshukiwa si ungamo

Kwa Bw. Douglas Kanja,
Inspekta Jenerali wa Polisi,
Nairobi.

Afande,

Juni 2025 ulifika mbele ya Seneti ukaomba radhi. Polisi walikuwa wamewaambia Wakenya kwamba Albert Ojwang, mwalimu aliyekamatwa Homa Bay akaletwa kituo cha polisi cha Central jijini Nairobi, alijigonga kichwa ukutani akiwa seli. Upasuaji wa maiti ulioongozwa na Dkt. Bernard Midia ukaonyesha jeraha la kichwa, shingo iliyokabwa na majeraha kwingine mwilini. Walioshtakiwa kwa kifo hicho wamekana, na mahakama ndiyo itakayoamua. Mimi nakuandikia kuhusu wengine: washukiwa waliojiua kweli wakiwa mikononi mwa polisi, ambao siku hizi hakuna anayeamini habari zao.

Wapo, afande. Mtu anakamatwa jioni kwa tuhuma nzito, ya kuua au ya kunajisi mtoto. Anavuliwa mkanda na kamba za viatu pale kaunta, jina linaingia kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, simu inatiwa kwenye droo. Waliomleta wanamwita muuaji watu wakisikia. Kabla ya usiku wa manane picha yake imezunguka WhatsApp ya kijiji kizima. Saa za kwanza na siku za kwanza ndizo za hatari zaidi, na hatari hiyo haimkabili mwenye hatia peke yake. Aibu haingoji hukumu. Aliyesingiziwa huweza kuvunjika sawa na aliyetenda.

Asubuhi tunasikia kwamba mshukiwa amejitoa uhai kwa kuogopa kesi. Nani alimuuliza? Hapa ndipo hasira hunipanda. Afisa anayesema hivyo ameshageuza kifo kuwa ungamo, na ungamo linamfaa: faili linafungwa, na hakuna atakayetaka kujua nani alikuwa zamu, alipita seli mara ngapi, na kwa nini mtu aliyelia tangu jioni aliachwa peke yake. Kifungu cha 50 cha Katiba kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Akifa kabla ya hukumu, kesi hufa naye. Msemaji wa polisi hana mamlaka ya kuimalizia mbele ya waandishi wa habari.

Wengine nao hunufaika. Aliyekamatwa pamoja naye anakumbuka ghafla kwamba mpango wote ulikuwa wa marehemu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mama wa marehemu naye anakana, ila kukana kwake ni kwa namna nyingine. Nimewahi kuketi na mmoja nje ya mochari. Hakutaka kabisa kusikia kwamba mwanawe alijiua, walimuua, basi. Sikumbishia. Akiamini aliuawa, lawama ina mtu wa kuibeba, tena mwenye sare. Akiamini alijiua, maswali yote yanamrudia yeye: mbona sikwenda kituoni usiku uleule, mbona neno langu la mwisho kwake lilikuwa kwamba ametuaibisha? Halafu kuna wanakijiji. Zipo sehemu za nchi yetu ambako aliyejiua huzikwa harakaharaka, bila nyimbo, pengine hata nje ya boma. Mama anayesema mwanawe aliuawa huenda anampigania kaburi.

Lakini nguvu ya kukana huko imetoka kwenu. Mwaka 2021 polisi walidai kwamba ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, waliokamatwa wakati wa kafyu, waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda. Maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji, wakakana. Baada ya Kianjokoma na baada ya Ojwang, unataka mama huyu aamini nini? Hata askari wa zamu aliyejaribu kweli kuokoa maisha atatazamwa kama muuaji, na hiyo nayo ni dhuluma.

Wanaosahaulika kabisa ni waliotendewa uhalifu. Walingoja kumsikia mshukiwa akijibu maswali kizimbani. Badala yake wanaambiwa amejihukumu mwenyewe, eti washukuru.

Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, mshukiwa aliyenusurika seli angeweza kuongezewa shtaka. Sheria imebadilika, lugha ya pale kaunta sina hakika. Mtu akisema anataka kufa, bado wapo watakaomjibu kwamba anatafuta huruma ya hakimu.

Uchunguzi wa hakimu kuhusu kifo cha aliye mikononi mwa polisi umo katika sheria. Ufanyike hadharani, familia ya marehemu na ya waliotendewa zikiitwa. Sheria ya Huduma ya Wachunguzi wa Vifo ilipitishwa 2017 ikabaki kwenye makaratasi kwa miaka. Kuidai serikalini hakuwezi kuwa kazi ya wanaharakati peke yao wakati wewe una sauti kuliko wao.

Na kuna amri usiyohitaji bajeti kuitoa. Mshukiwa akifa seli, kituo kitangaze jina baada ya familia kujulishwa, saa aliyokutwa na kwamba IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, imeitwa. Chanzo cha kifo kisitajwe kabla ya upasuaji, wala asitokee afisa wa kusema marehemu alikuwa akiwaza nini.

Wako,
Mkazi wa Kisumu

Nakala: Mwenyekiti, IPOA