Giaboksi ishushwe uani kwangu au nimwachie fundi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaulize mafundi na madereva wanaosoma ukurasa huu jambo la klachi ya gari langu ambalo limeninyima usingizi kwa wiki 2 sasa.

Mimi ni mama wa watoto 3 na kazi yangu ni kuuza mayai. Kila Jumanne na Ijumaa natoka Uthiru alfajiri, nachukua trei 150 hivi kwa wafugaji wa Juja na Ruiru, halafu nasambaza Kangemi, Uthiru na Kinoo. Gari langu ni Toyota Probox ya gia za mkono, injini ya lita 1.5. Likilala siku moja, wenye vioski wananunua kwa mtu mwingine, na mteja wa mayai akishaonja bei ya mwingine si rahisi kumrudisha.

Shida ni klachi. Niliona dalili mara ya kwanza nikipanda kutoka Museum Hill kwenda Westlands, gari limejaa. Nilikuwa gia ya 3, nikakanyaga mafuta, injini ikapaza sauti lakini mwendo ukabaki palepale. Nilipofika Kangemi nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Mdogo wangu akanionyesha namna ya kupima: gari kwenye tambarare, breki ya mkono imevutwa kabisa, unatia gia ya 3, unaongeza mafuta kidogo na kuachia klachi taratibu. Klachi nzima inapaswa kuizima injini hapo hapo. Yangu iliendelea kunguruma, ikazima baada ya muda. Sikurudia, kwa sababu kila ukipima hivyo unaichoma zaidi.

Kinachoniuma ni kwamba klachi hii haijamaliza mwaka. Niliilipia shilingi 16,500 katika gereji moja, nikaambiwa ni seti nzima: pleti, presha pleti inayoibana, na rilisi beringi inayosukumwa ukikanyaga pedali. Niliacha gari asubuhi, nikalichukua jioni. Sikuonyeshwa vile vya zamani na sikuvidai. Baada ya miezi 4 hivi nikaanza kusikia mlio kila nikikanyaga pedali, na nikiachia unanyamaza. Mafundi 2 tofauti wameniambia mlio wa namna hiyo ni wa rilisi beringi. Basi nimebaki najiuliza kama walibadilisha pleti peke yake na kunirudishia beringi ile ile iliyochoka.

Siwezi kuthibitisha, na sitaki kumsingizia mtu. Huenda kosa pia ni langu. Katika foleni ya Thika Road nilikuwa na mazoea ya kuacha mguu juu ya pedali, na kwenye mlima nililishikilia gari kwa klachi badala ya breki. Nimeambiwa hayo mawili yanamaliza pleti upesi na kuila beringi. Tena inawezekana sili ya nyuma ya injini inavuja na oili inafika kwenye pleti. Nani ataniambia ukweli wakati kila kitu kimefichwa nyuma ya giaboksi?

Hapo ndipo mdogo wangu alipoingia. Yuko mwaka wa 2 chuo cha ufundi, anasomea magari, na anataka tuifanye kazi hii sisi wenyewe uani. Amenieleza hatua moja moja: kutoa waya wa betri, kumwaga oili ya giaboksi, kulegeza nati za magurudumu ya mbele na kuchomoa shafti zote 2 zinazozungusha magurudumu hayo, kutoa stata ya kuwashia injini, kuishikilia injini kwa chini ili isining'inie baada ya kufunguliwa mauntini, yaani kishikio, ya upande wa giaboksi, ndipo giaboksi ivutwe pembeni na kushushwa. Pleti mpya inawekwa katikati kwa kijiti maalum cha plastiki, la sivyo giaboksi haitaingia wakati wa kurudisha. Boliti za presha pleti zinakazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kuvuka upande mmoja hadi wa pili, na mwishoni kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Hata vumbi la pleti ya zamani amenikanya nisilipulize, kwa sababu pleti nyingine za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Alinieleza vizuri hadi nikajivunia kuwa na ndugu kama huyu.

Lakini nilipomuuliza ameshafanya mara ngapi, alisema mara 1, darasani, kwenye injini iliyofungwa juu ya meza. Hajawahi kuifanya akiwa amelala chini ya gari.

Uani kwetu si sakafu ya saruji. Ni udongo uliomwagiwa kokoto, na mvua ikinyesha jeki inazama. Giaboksi ile ni mzigo wa watu wawili. Nikifikiria kijana wa miaka 20 amelala chini yake, gari limekaa kwenye stendi za kuazima, moyo unanienda mbio. Mama yetu ameshasema wazi kwamba mwanawe hataingia chini ya gari kwa ajili ya mayai. Mwenye ploti naye hapendi oili imwagike uani kwake, na ana haki. Tena tukikwama Jumapili jioni, gari limefunguliwa vipande vipande na tumekosa spana moja, Jumanne nitafika Juja na nini?

Upande wa pili kuna fundi wa Kangemi niliyeelekezwa na jirani. Anataka 5,000 za kazi na anasema atamaliza siku hiyo hiyo. Seti nimeiulizia Kirinyaga Road, kule wengi bado tunaita Grogan, nikapewa bei kuanzia 7,000 hadi 13,000 kwa gari hilo hilo moja, na kila muuzaji anaapa yake ndiyo halisi. Fundi anasema nimwachie pesa anunue yeye. Tena ameniambia flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, ichongwe kwenye mashine ya leithi, kabla hata hajaiona. Hilo limenishtua kidogo. Mdogo wangu anasema flaiwili hutazamwa kwanza: kama haina nyufa, mikwaruzo mirefu wala madoa ya bluu ya kuungua, husafishwa tu.

Nilipomwomba fundi nisimame pale kazi ikifanywa, alisema mteja akisimama, vijana hawafanyi kazi vizuri. Alisema kwa upole, hakunikasirikia. Labda ni kweli, hata mimi sipendi mtu asimame nyuma yangu nikihesabu mayai. Lakini mara iliyopita sikusimama, na leo niko hapa.

Niwaambie wazi kwamba zile 5,000 sizo zinazonisukuma. Tukikosea uani nitapoteza zaidi ya hizo kwa siku moja. Ninachotaka ni kujua kwa hakika kilichoingia ndani ya gari langu. Kwa mdogo wangu nitaona kwa macho yangu, ila sina hakika na mikono yake. Kwa fundi ni kinyume chake.

Nimefikiria njia ya katikati: ninunue seti mwenyewe tukiwa na mdogo wangu, tulinganishe pleti na ile ya zamani kwa upana na meno ya katikati, kisha gari lifanyiwe kazi kwa fundi, na mdogo wangu awe pale kama msaidizi wa siku hiyo. Apitishe spana, ashike taa, aone beringi ikitoka na mpya ikiingia, aangalie na ile sili giaboksi ikiwa chini. Vyuma vya zamani nirudi navyo nyumbani. Je, fundi wa kweli ataliona hilo kama dharau? Nimwongezee kitu kwa kumvumilia kijana? Na ikiwa seti nimenunua mimi, fundi atakubali kuwajibika klachi ikianza kuteleza tena baada ya miezi michache, au atanirudisha Grogan nikadai huko?

Kwa sasa nimepunguza mzigo hadi trei 80 na napanda Waiyaki Way kwa gia ya chini. Najua sina muda mrefu. Nimepanga Jumamosi ya wiki ijayo iwe ndiyo siku, pawe uani au pawe Kangemi.

Na kama kuna mwanamke anayesoma hapa aliyewahi kusimama gereji mpaka gari lake likafungwa mbele ya macho yake, dada yangu, tafadhali niandikie ulimwambiaje fundi akakubali.

Wenu,
Mama wa Mayai, Uthiru, Nairobi