Shukrani za familia kwa waliosimama na binti yetu

Sisi familia ya binti mliyemchangia upasuaji wa nyonga tunawashukuru nyote mlioshikana nasi tangu Agosti 2025 mpaka wiki hii, alipoanza kutembea bila magongo. Jina lake siliandiki hapa, ameomba mwenyewe. Anasema akirudi shule hataki kuitwa "yule wa mchango". Wengi wenu mnamjua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Bugando, Mwanza, na kliniki ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi uliomharibia nyonga, inayomtunza tangu akiwa mdogo. Tunawashukuru jumuiya, kwaya, akina mama wa dagaa, na ndugu zetu wa Geita waliolala sakafuni kwetu bila kulalamika. Vijana wa bodaboda mlienda wanne kutoa damu, na mmoja wenu akaogopa sindano hadi akashikwa mkono na muuguzi. Tulicheka wote, na yeye akacheka, lakini damu aliitoa.

Kwa wasioijua selimundu: mimi na mume wangu hatukuwahi kuumwa, kumbe kila mmoja wetu amebeba nusu ya ugonjwa. Tuligundua mtoto akiwa na miezi tisa, vidole vya mikono vilipovimba kama vya mtu aliyeumwa na nyuki, na tulikuwa tumeshazunguka sana kabla ya kufika hospitali. Vijana mnaotaka kuoana, pimeni. Kipimo ni tone la damu.

Sasa nifike kwa Mwalimu wake wa darasa, maana ndiye aliyenifanya niandike mimi badala ya kumwachia shemeji yangu anayejua barua.

Shule alikoanzia, siitaji, mwanangu aliitwa mvivu kwa sababu alivaa sweta paredi na kuomba maji kila mara. Huyu Mwalimu siku ya kwanza aliomba kadi ya kliniki, akaisoma yote, hata kurasa za nyuma. Kesho yake chupa ya maji ilikaa juu ya dawati, na ruhusa ya kwenda chooni bila kunyoosha mkono ikatolewa mbele ya darasa zima. Julai upepo wa ziwa ukikaza, zamu za kufyeka asubuhi hakuwekwa. Kwa mtoto wa selimundu baridi na kiu si mambo madogo. Ndiyo yanayoamsha maumivu.

Siku ya kikao cha kwanza cha mchango nilikuwa nimejiandaa kulia, nikijua watu hutoa wakiona machozi. Mwalimu akasimama kabla yangu akiwa na daftari la Hisabati. Akasema, "Sikuja kumwombea mgonjwa. Nimekuja kuwaonyesha hili." Likapita mkono kwa mkono.

Kila siku aliyokosa shule, mwanangu ameandika tarehe, akaruka kurasa mbili. Akipata nafuu anaazima daftari la mwenzake na kuzijaza. Mimi mama yake sikuwa nimeliona hilo. Kuna kurasa mwandiko umelala kama nyasi zilizopigwa na mvua. Hizo aliandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na dripu. Mada ya duara ameichora hivyohivyo, duara zenyewe kama mayai, lakini majibu yako sahihi. Mwalimu alisema amefundisha miaka mingi na hajaona daftari lisilo na pengo namna ile, hata la mtoto mzima wa afya. Alilisema kwa sauti ya mtu anayejivunia mwanawe, nikaona wivu kidogo, kwa kweli.

Mzee mmoja wa ukoo, ambaye mwaka juzi alitushauri tumwache tu akae kwa bibi yake kwa kuwa "watoto wa hivi hawakui", alilishika daftari muda mrefu kuliko wote. Hakusema neno. Akaahidi mbuzi, na mbuzi alifika.

Hesabu yote ilisomwa kwenye kikao cha mwisho, risiti ziko kwa mwekahazina, anayetaka aione. Kilichobaki ni cha bima na nauli za kliniki. Kwenda kliniki sasa tunapita daraja la Kigongo–Busisi. Ule usiku tuliokaa tukisubiri kivuko na mtoto analia garini, hautajirudia. Tuliowasahau mtuwie radhi. Wabeja sana, asanteni.

Jana Mwalimu alipita kumwona. Alimkuta kitandani na daftari jipya la Kidato cha Nne. Kurasa za mwanzo ameshaandika tarehe zote alizokosa kuanzia Septemba, na chini ya kila tarehe kurasa mbili tupu. Mwalimu alizihesabu polepole, akavuta kigoda, wakaanza na ya kwanza.

Mama, kwa niaba ya familia
Sengerema